Chai ya Asubuhi Saa Saba Mchana

Skrini za matangazo zimeenea Dar es Salaam bila kupiga hodi. Ziko benki zikiita namba za foleni, ziko kwenye maduka ya kubadilisha fedha zikionyesha bei ya dola, ziko juu ya kaunta za migahawa pale ambapo zamani palitundikwa ubao wa chaki. Kila mtu anaziona. Kisanduku kinachozilisha picha, ambacho aghalabu hakizidi ukubwa wa kitabu, kimefungwa kwa skrubu nyuma ya televisheni pamoja na joto, vumbi na mijusi, na hakuna anayekumbuka kuwa kipo mpaka siku picha inapokatika.

Siku hiyo ndipo fundi hupigiwa simu.

Fundi wa kumbukumbu hizi alianzia kwenye kazi nyingine kabisa. Alikuwa msichana wa kushika koleo na kuyeyusha risasi katika kibanda cha redio na deki huko Kariakoo, chini ya mzee mmoja mwenye tabia iliyowaudhi wateja wenye haraka. Mzee huyo hakufungua kifaa kabla ya kuuliza kilikuwa kinafanya nini kilipokufa, nani alikuwepo, na umeme ulikuwaje. Wateja walitaka kuona bisibisi. Yeye alitaka maelezo. Deki zilipopotea sokoni, msichana yule akahamia kwenye skrini za matangazo, na katika yote aliyojifunza kibandani, tabia hiyo ya kuudhi ndiyo iliyomfaa kuliko ufundi wa risasi.

Vifaa alivyovizoea zaidi ni vya BrightSign, kampuni ya California. Vina ukoo wake: Anthony Wood, aliyewahi kubuni kinasa-televisheni cha ReplayTV, alianzisha Roku mwaka 2002, na BrightSign ilizaliwa ndani ya Roku kabla ya kwenda kujitegemea. Ndiyo maana lugha ya skripti iitwayo BrightScript inapatikana kwenye vifaa vya Roku vya sebuleni na kwenye visanduku vya matangazo pia. Ina sura ya BASIC ya zamani na tabia kadhaa za JavaScript. Haijali herufi kubwa au ndogo katika maneno yake, na kigeu kilekile kinaweza kubeba namba sasa hivi na maandishi dakika moja baadaye. Anayeandika kwa haraka huifurahia. Anayekuja kutafuta kosa usiku ndiye hulipia furaha hiyo.

Kisanduku kikipata umeme, hutafuta kwenye memori kadi faili liitwalo autorun.brs, na kikilipata hulifuata mstari kwa mstari. Hakina kibodi wala kipanya, wala mtu wa kumuuliza. Skripti ikianguka njiani, kwa mpangilio wa kawaida kifaa hujiwasha upya na kuanza mwanzo. Dukani mpangilio huo una busara yake, kwa kuwa mteja huona nembo kwa sekunde chache kisha tangazo linarudi. Kwa fundi ni balaa, maana ushahidi umefutika kabla hajafika. Muuzaji anachoweza kusema ni kwamba "inazimazima". Taarifa yote ndiyo hiyo.

Kisa kilichomfundisha kutoiamini skrini kilitokea kwenye mgahawa mmoja wa mjini. Menyu tatu zilitakiwa kubadilishana zenyewe: ya asubuhi, ya mchana na ya usiku. Kwa siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kisha ikawa kila ifikapo saa saba mchana, foleni ya watu wanaotaka wali na samaki inatazama juu na kukuta supu, chapati na chai ya maziwa.

"Shikamoo mama," fundi alimwambia mwenye mgahawa alipofika.

"Marahaba mwanangu. Njoo uone maajabu. Hii mashine ya Wazungu inasoma saa za Kizungu. Mimi niliandika kwenye WhatsApp, chai saa moja hadi saa tano. Huyo aliyeitengeneza kaweka saa moja yao, saa moja mchana. Unaona? Inaanza saa yao moja, inaisha saa yao tano."

Hoja ya mama haikuwa na tundu. Saa moja asubuhi yetu ni 7:00. Kwenye saa inayohesabiwa kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, "saa moja" ya mchana ni 13:00, yaani saa saba yetu. Menyu ya chai ilikuwa ikitokea 13:00 na kuondoka 17:00, sawasawa na mama alivyosema. Mtu aliyeandika skripti alikuwa nje ya nchi. Wahudumu wote walikwishakubali. Mtoto wa mama, aliyekuwa na kompyuta, alikuwa tayari kupunguza sita kwenye kila saa popote atakapoikuta.

Fundi akatoa memori kadi, akafungua skripti. Saa zilizoandikwa zilikuwa 7 na 11. Mwandishi wa ughaibuni alikuwa ameelewa ujumbe wa mama vizuri kabisa.

Hapo palikuwa na mtego, nao ndio kiini cha kisa. Makosa mawili yasiyohusiana yangeweza kutoa picha ileile, saa ileile. Kosa la kwanza, la kuchanganya saa za Kiswahili na za kigeni, lingesogeza menyu kwa saa sita. La pili lingekuwa kosa la ukanda wa saa. Tanzania iko saa tatu mbele ya saa ya dunia, UTC. Kifaa kinachoamini kiko saa tatu nyuma ya UTC kinakosea kwa tatu na tatu, jumla sita. Kukaa chini ya skrini na saa ya mkononi usiku na mchana kusingetenganisha makosa hayo. Hata menyu ya usiku, iliyotakiwa saa kumi na mbili jioni, ingetokea usiku wa manane kwa nadharia ya ukanda wa saa. Na kwa nadharia ya mama nayo ingeweza kutokea hapohapo, ikiwa kumi na mbili imesomwa kuwa ya usiku. Saa hiyo mgahawa umefungwa. Hakuna aliyewahi kuiona.

Namba 7 na 11 ziliiondoa nadharia ya mama; kilichoithibitisha ya pili ni mstari mmoja wa "print". Fundi aliongeza amri ya kuandika saa mbili kwa pamoja kila dakika: saa ya UTC na saa ya mahali, kama kifaa chenyewe kinavyozijua. Saa yake ya mkononi ilisema 13:12. Kifaa kiliandika UTC 10:12, sahihi kabisa, na saa ya mahali 07:12. Kwa hiyo mtandao ulikuwa umekipa muda sahihi, kisha kikaupeleka upande wa Amerika ya Kusini badala ya Afrika Mashariki.

Chanzo kilikuwa alama moja. Katika kanuni ya POSIX, ambayo mifumo ya jamii ya Unix huitumia kuandika kanda za saa, namba inaeleza ni saa ngapi za kuongeza ili kutoka saa ya mahali kufika UTC. New York, iliyo nyuma kwa saa tano majira ya baridi, huandikwa EST5, bila alama ya kutoa. Sisi tulio mashariki ndio hupewa hasi: EAT-3. Aliyeandika skripti alifikiri kama watu wengi wanavyofikiri, kwamba mbele ni chanya, akaweka EAT3. Kwenye karakana yake hakuunganisha kifaa na mtandao. Aliweka saa ya mahali kwa mkono, akaona menyu zinabadilika, akafunga kazi. Kifaa kilipounganishwa na intaneti mgahawani, kikasawazisha UTC na seva ya muda, na saa ya mahali ikaruka. Ndiyo maana siku za mwanzo, kabla ya intaneti kuunganishwa, kila kitu kilikuwa sawa.

Kama mtoto wa mama angepunguza sita zake, menyu zingekaa sawa. Skrini ingeonekana imepona. Ila tarehe ingekuwa ya jana kila siku kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi, na tangazo la kwanza la sikukuu lingechelewa, na mwingine angekuja kuongeza kiraka juu ya kiraka. Fundi huyu amekutana na skripti za namna hiyo, zenye namba zilizoongezwa na kutolewa bila maelezo. Huzisoma kwa huruma, maana kila namba ni mtu aliyekuwa na haraka.

Tangu hapo hafiki kwenye kazi bila kebo ya siriali na laptopu. Kisanduku huzungumza kupitia kebo hiyo kwa kasi ya 115200, na mazungumzo yake ni kila kitu ambacho skripti imeamriwa kukiandika, pamoja na malalamiko ya mfumo wenyewe. Kuna swichi ya kuamuru kwamba skripti ikianguka, kifaa kisijiwashe upya bali kisimame palepale na kungoja maswali. Kikisimama, "bt" huonyesha njia iliyopitiwa mpaka pale, na "var" hutaja kila kigeu na kilichomo ndani yake. Mtu anaweza pia kuandika STOP katikati ya skripti yake, mahali anapotilia shaka, ili kifaa kisimame hapo hata kama hakuna kosa.

Pamoja na hayo yote, chombo anachokitumia zaidi bado ni "print". Brian Kernighan wa Bell Labs aliandika mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba hakuna kilichoshinda kufikiri kwa makini pamoja na amri za kuchapisha zilizowekwa mahali panapofaa, na visanduku hivi havijamkanusha. STOP inasimamisha dunia, na kwenye kazi ya matukio kusimamisha dunia kunabadilisha jibu. Video inaendelea, mtandao unakata tamaa, kitufe kinabonyezwa na hakuna wa kukisikia. Mstari wa "print" hupita bila kumgusa mtu.

Swichi ile ya kusimama lazima irudishwe kabla ya kukabidhi kazi. Kifaa kilichoachwa kikingoja maswali ya fundi, na fundi yuko Mwanza, ni skrini nyeusi wikiendi nzima.

Na skrini nyeusi ndiyo hitilafu anayoichukia kuliko zote, kwa sababu haisemi. Duka moja la samani lilimwita kwa ajili yake. Video tano zilitakiwa kufuatana bila kikomo. Ya kwanza na ya pili zilicheza, kisha giza. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kujiwasha upya, taa ya kifaa inawaka kwa utulivu. Mwenye duka alikuwa amekwishanunua adapta mpya, kebo mpya ya HDMI, na alikuwa akitafuta bei ya televisheni.

Ili kuelewa giza lile inabidi kujua skripti ya namna hii inavyoishi. Haikimbii, inasubiri. Inaamuru video ianze, kisha inakaa kwenye mlango mmoja unaopokea ujumbe wa kila aina: video imeanza, video imekwisha, kitufe kimebonyezwa, saa imefika. Video ikimalizika, ujumbe huja na namba 8. Skripti ikiona 8 inaamuru video inayofuata, inarudi mlangoni. Mzunguko ni huo, siku zote.

Video ya tatu ilikuwa imetoka kwenye kamera na jina la herufi kubwa mwishoni, MP4, wakati skripti ilitaja mp4 ndogo. Kwenye kadi ya zamani, iliyofomatiwa FAT32, majina hayo ni mamoja. Lakini umeme wa mtaa ule ulikuwa ukikatika mara kwa mara na kadi za FAT zilikuwa zikiharibika, ndipo mtu mwenye nia njema akaibadilisha kadi kuwa ext4, mfumo wa Linux unaoandika kwanza kwenye daftari lake kile unachokusudia kubadilisha, ili umeme ukikatika ujue pa kuanzia. Uamuzi ulikuwa mzuri. Ila ext4 hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Faili halikuonekana, amri ya kucheza ikarudisha jibu la "hapana", skripti haikulisoma jibu hilo, ikaenda mlangoni kusubiri 8. Video ambayo haikuanza haiwezi kwisha. Ile 8 isingekuja kamwe.

Kubadilisha jina la faili lilikuwa jambo la dakika moja, na mwenye duka angeridhika. Fundi alikataa kuishia hapo, na anaeleza kwa nini bila kuomba radhi: faili lilikuwa limekosewa leo kwa jina, kesho lingekosewa kwa kunakiliwa nusu, kesho kutwa kwa mtu kuleta video ya aina ambayo kifaa hakiijui. Skripti inayosubiri bila mwisho ndiyo hitilafu. Herufi kubwa ilikuwa mgeni wa kwanza tu kupita mlangoni. Akaandika upya sehemu mbili. Jibu la amri ya kucheza sasa linasomwa, na likiwa "hapana", jina la faili linaandikwa kwenye logi na zamu inahamia video inayofuata. Kusubiri nako kukawekewa ukomo, maana amri ya "wait" hukubali kupewa muda, na muda ukiisha hurudi mikono mitupu badala ya kubaki imeganda. Halafu akafanya lililomshangaza mwenye duka zaidi ya yote. Akafuta video mbili kwa makusudi, akaweka picha ya paka na kuipa jina la video, akakiwasha kifaa mbele yake.

Kulisha kifaa vitu vibovu ndiko anakokuita kujaribu. Kuona kinacheza vizuri faili nzuri, anasema, ni kukishuhudia tu.

Duka la kubadilisha fedha lilimpa nafasi ya kulieleza hilo kwa pesa. Bei za siku zilikuwa zikishushwa kutoka kwenye seva kama faili la JSON na kuhifadhiwa kwenye kadi. Jioni moja ruta ilizimika katikati ya kushusha, likabaki nusu faili. Amri ya kusoma JSON, ParseJson, ikikutana na maandishi yaliyokatika hutoa "invalid", yaani hakuna kitu. Skripti ikaenda kuomba bei ya dola kwa hakuna-kitu, ikaanguka. Kifaa kikajiwasha upya. Kikasoma nusu faili lilelile, kikaanguka tena. Kikaendelea hivyo usiku kucha, nembo ikija na kuondoka, na asubuhi mlinzi akaapa kuwa televisheni ina jini.

Dawa inajulikana: shusha faili kwa jina la muda, lisome, hakikisha lina kila sarafu na kila bei ni namba, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya lile la zamani. Likiwa bovu, litupe na ubaki na la zamani. Lakini hapo palizuka swali ambalo si la kompyuta. Je, bei ya jana ni bora kuliko skrini tupu? Kwenye menyu ya mgahawa, ndiyo. Kwenye duka la fedha, bei ya jana ni ahadi ambayo mteja anaweza kuidai kaunta. Mwenye duka alifikiri, akaamua kwamba bei zikichakaa kupita muda aliouweka, skrini izifiche na kuandika "Ulizia kaunta". Fundi anapenda kulikumbuka hilo kwa sababu hakuna kitabu cha programu kingelijibu. Ilibidi mwenye fedha akae kwenye kiti na kuulizwa.

Kosa la shilingi moja nalo lina heshima yake. Kwenye harambee ya kujenga madarasa, skrini ya ukumbini ilionyesha jumla ya michango ikipanda, na mweka hazina, mwalimu mstaafu, alikuwa akijumlisha pembeni kwa kalamu. Jumla yake ilikuwa 18,345,675. Ya skrini, 18,345,676. Watu walimwambia shilingi moja haijengi. Akajibu kuwa leo ni shilingi moja, kesho wataambiwa ni elfu.

Mwalimu alikuwa sahihi. Michango ilikuja kama maandishi, na amri ya Val inayoyageuza kuwa namba hutoa namba ya desimali ya biti 32. Namba ya aina hiyo ina nafasi ya biti 24 za tarakimu. Inaweza kushika kila namba nzima hadi 16,777,216. Ikivuka hapo huenda mbilimbili, shufwa tu. Jumla yenye witiri mwishoni haina kiti, inasukumwa kwa jirani. Nchi ambayo sarafu yake hufika mamilioni kwa urahisi itakutana na ukuta huo mapema kuliko mwandishi wa skripti anayehesabu dola na senti, ambaye mabango yake huenda yasifike milioni kumi na sita maishani. Kutumia namba nzima kunasogeza ukuta hadi 2,147,483,647, na harambee ile haikuwa katika hatari ya kufika huko.

Vitufe havihitaji maneno mengi. Chuma kikigusana na chuma hudunda kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kifaa chenye kasi huhesabu kila mdundo, basi ubonyezaji mmoja unaruka video mbili. Huzuiwa kwa kupuuza mibonyezo inayofuatana karibu mno. Fundi aliweka muda wake kwa hesabu, ukafanya kazi karakanani, kisha wanafunzi wa shule ya msingi wakaletwa ukumbini na kukibonyeza kitufe kwa namna ambayo hakuna mhandisi angeifikiria: wawili kwa wakati mmoja, kwa kiwiko, kwa paji la uso. Anawasifu mpaka leo kuwa wajaribu bora aliowahi kuwapata, na walilipwa soda.

Halafu kuna makosa ambayo hayatokei kwenye meza kwa sababu meza haina subira. Ukurasa wa wavuti unaoendeshwa ndani ya kisanduku unaweza kuvuja kumbukumbu kidogokidogo. Saa ya kwanza huoni kitu, wiki ya pili kifaa kinaanza kukwamakwama. Kuna dirisha la kuuchungulia ukurasa huo kutoka kwenye laptopu, lakini dirisha lenyewe linakula kumbukumbu, hivyo mchunguzi anaweza kuwa sehemu ya ugonjwa. Kuna kaunta za milisekunde pia. Kaunta ya biti 32 isiyo na alama hujaa baada ya takriban siku 49.7 na kurudi sifuri, jambo lililowahi kuigandisha Windows 95 ikiachwa imewashwa muda huo wote. Mwaka 2015 mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege za Boeing 787 ziwe zikizimwa umeme kila baada ya muda, kwa kuwa ilibainika kwamba vidhibiti vya jenereta vikikaa na umeme siku 248 mfululizo vingeweza kujizima vyote kwa pamoja. Siku 248 ndizo kaunta ya biti 32 yenye alama huchukua kujaa ikihesabu kila sehemu moja ya mia ya sekunde. Skrini ya duka la viatu haiui mtu. Hata hivyo fundi huyu huacha kifaa kimoja kikikimbia karakanani muda wote, na kwenye nakala ya majaribio huanzisha kaunta karibu na kujaa ili asingoje.

Wateja wengi hawapendi kulipia haya. Kwenye ankara wanaona kifaa, mabano ya ukutani, kebo, kazi ya kufunga, kisha mstari wa majaribio, na kalamu inakimbilia kwenye mstari huo. Amejifunza kutobishana kwa maneno. Anachomoa waya wa mtandao wa kifaa kilichopo, mbele ya mteja, na wote wawili wanaangalia kinachotokea. Mara nyingi kalamu hurudi mfukoni. Mara nyingine hairudi, na mteja huyo hupiga simu mwezi unaofuata.

Kisa cha karibuni kilitoka kwenye duka la vifaa vya umeme. Kila Ijumaa, mchana, kifaa kilijiwasha upya. Ijumaa tu. Skripti ilikuwa na kazi yake ya wiki, kufuta logi za zamani, na kazi hiyo ilipangwa Ijumaa. Mshukiwa alijileta mwenyewe. Fundi akakumbuka mgahawa wa chai, akasita, akaongeza mistari ya logi ili nadharia mbili ziachane: skripti ikianguka kutakuwa na mstari wa kosa kabla ya kimya, umeme ukikatwa, kimya kitakuja katikati ya kazi bila neno. Alipokuwa anafunga laptopu akamuuliza mlinzi, kwa mazoea tu ya kibanda cha Kariakoo, Ijumaa huwa kuna nini.

"Ijumaa, dada? Hakuna kitu. Saa sita na nusu nazima meni swichi, tunafunga, tunakwenda kuswali. Bosi alisema umeme usile bure. Tukirudi nawasha."

Ijumaa iliyofuata logi ilikatika katikati ya kazi, bila mstari wa kosa. Fundi aliihamisha ile kazi ya kufuta logi kwenda Jumanne usiku, akahakikisha hakuna faili linaloachwa wazi kwa muda mrefu, na akamwomba mlinzi aizime swichi mara kadhaa, ghafla, wakati video inacheza na wakati faili linashushwa. Mlinzi alifanya hivyo kwa furaha kubwa. Kuhusu swichi ya Ijumaa, hakumwambia chochote.